Nani aliyeiua pampu? Kisa cha pikapu iliyoishi na taa ya mafuta, Masasi

Mwalimu alikuja gereji na daftari. Nilitegemea hasira, lakini yeye alikuja na daftari la mistari, kalamu ya bluu na ombi moja: niandike kwa mkono wangu, niweke sahihi, kwamba pampu ya dizeli ya pikapu yake imekufa kwa uzembe wa dereva aliyeliacha gari likaishiwa dizeli mlimani. Dereva ni mpwa wake, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Huku kwetu mjomba ana sauti, lakini ukimkata mpwa mshahara bila ushahidi, kikao cha ukoo kitaanza na wewe. Ndiyo maana alitaka karatasi ya fundi.

Nilimwambia, "Mwalimu, nipe siku nne. Nikiandika leo nitaandika maneno ya barabarani."

Siku nne zikawa wiki mbili na ushei, kwa sababu pampu ilibidi ipande basi kwenda Dar kupimwa. Ninayoandika hapa ndiyo yaliyotoka, pamoja na sehemu moja ambayo nilitamani isiwemo.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux, zile ambazo watu wanaziita Vigo, injini ya 2KD, lita mbili na nusu. Tenki lake linabeba lita 80 hivi. Sidhani kama tangu Mwalimu alinunue liliwahi kuona zaidi ya 30 kwa mpigo. Kazi yake ni ya msimu: Oktoba hadi Januari linabeba korosho kutoka mashambani kwenda ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wakati wa ufuta linafanya safari chache, na miezi mingine linalala chini ya mwembe nyumbani kwa Mwalimu.

Siku ya tukio ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Malipo ya minada ya kwanza yalikuwa yameanza kuingia kwa wakulima, na huku hela ya korosho ikiingia tu, watu wanajenga. Dereva alipakia mifuko 20 ya saruji Masasi kuipeleka Newala. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani kamili, hapo hujamhesabu yeye na utingo wake. Taa ya dashibodi inayoonya kwamba mafuta yanaisha ilikuwa inawaka tangu jana yake jioni. Hesabu yake ilikuwa hivi: dizeli iliyobaki itamfikisha Newala, mwenye saruji atamlipa, ataingia sheli ya kulekule na kujaza ya kurudia. Ukiitazama kwa kilometa peke yake, haikuwa hesabu ya mtu mjinga.

Anayeijua njia ile anajua kilichofuata. Newala iko juu ya ukingo wa uwanda wa Makonde. Ukitokea upande wa Masasi, kuna mahali barabara inaacha tambarare na kuanza kuparamia. Ni ukingo uleule ambao ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma liko chini yako. Gari lilipanda kipande, likaanza kumisi, likakohoa mara mbili tatu, likazima. Pua juu, tani moja mgongoni.

Hapa dereva alipata hofu ambayo hakuisema mbele ya mjomba wake. Aliniambia mimi baadaye tukiwa wawili. Gari lilianza kurudi nyuma. Alikanyaga breki ikashika, akaiachia kidogo ili alielekeze gari pembeni, akakanyaga tena, ikashika kwa shida. Mara ya tatu kanyagio lilikuwa gumu kama amekanyaga jiwe, na stelingi ilikuwa nzito haigeuki. Yeye alidhani breki zimekufa. Hazikuwa zimekufa. Breki za gari hili zinasaidiwa na pampu ya upepo inayozungushwa na injini, na stelingi inasaidiwa na pampu ya haidroliki, nayo inazungushwa na injini. Injini ikizima, msaada wa stelingi unaondoka papo hapo. Wa breki unabaki akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, ukiutumia umekwisha, unabaki na nguvu ya mguu wako. Yeye aliitumia akiba ile kwa kukanyaga na kuachia. Kilichomwokoa ni utingo kuruka na kusukuma jiwe chini ya tairi la nyuma. Kati ya mambo yote ya siku ile, hili ndilo linalonitisha zaidi, na ndilo ambalo halimo katika daftari la Mwalimu wala katika bei ya pampu.

Wakaweka matawi barabarani, mbele na nyuma, kama ilivyo desturi. Bodaboda akatumwa kijijini, akarudi na dumu la lita kumi la dizeli. Wakamimina lita nane, wakabakiza mbili "za kuoshea mikono". Wakapiga selfu. Wakapiga tena. Dereva wa lori aliyesimama kusaidia akawashauri walegeze nati za mabomba ya nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, watoe upepo kama walivyozoea zamani. Utingo akalegeza mbili. Wakapiga selfu tena mpaka betri ikalala, wakaazima betri ya lori wakaendelea. Kwa maelezo yao wenyewe ilikuwa dakika arobaini. Mwisho likavutwa kwa kamba hadi kwangu.

Basi mji mzima ukawa na majibu matatu. Mwalimu: dereva ameliishisha mafuta. Dereva: dizeli ya dumu ilikuwa chafu. Mafundi wenzangu wa gereji ya jirani: ukikausha tenki, pampu inavuta matope ya chini, kila mtu anajua hivyo.

Nikaanza na tenki.

Tulilishusha, tukalimwaga polepole kwenye ndoo nyeupe, tukapima kwa jagi. Zilitoka lita 11. Toa nane za dumu, zinabaki tatu. Kwa maneno mengine, gari lilipozima mlimani mafuta hayakuwa yameisha. Yalikuwepo kama lita tatu, tena na zaidi kidogo, yaani yale yaliyovutwa wakati wa kuhangaika na selfu. Tenki la gari hili ni refu na bapa, limelala kufuata chesisi. Tulipochungulia, mdomo wa bomba la kunyonya ulikuwa karibu na katikati. Gari likiwa tambarare, lita tatu zinasambaa chini na mdomo unazipata. Gari likiinua pua, lita zote tatu zinakimbilia nyuma, mdomo unabaki unanyonya upepo. Kona inafanya hivyohivyo kwa ubavu. Boya la geji nalo linapanda na kushuka na mafuta hayohayo, kwa hiyo mlimani hata mshale unadanganya. Hesabu ya kilometa ya dereva ilikuwa sahihi kwa barabara ya tambarare.

Dizeli si petroli katika jambo hili. Gari la petroli likikosa mafuta, unamimina, unawasha, unaondoka. Dizeli ikishaingiza upepo kwenye mabomba inagoma hata ukijaza tenki hadi shingoni, mpaka upepo utoke. Tena Vigo haina pampu ya umeme ndani ya tenki ya kusukuma mafuta mbele. Pampu iliyoko kwenye injini ndiyo inayoyavuta yenyewe, kama mtu anayenyonya dafu kwa mrija. Mrija ukitoka ndani ya maji, unanyonya hewa tu.

Ndani ya zile lita 11 kulikuwa na kitu kingine. Nilizigawa kwenye chupa za plastiki za maji ya kunywa, nikaziacha juu ya meza usiku kucha. Asubuhi chupa ya mwisho, ile ya masalia ya chini kabisa, ilikuwa imegawanyika: juu dizeli, chini maji ya rangi ya chai ya rangi, na katikati utando mweusi unaoteleza kama kamasi. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanalala chini siku zote. Ule utando ni vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana. Maji yakikaa muda mrefu, vinazaana. Nilipima maji peke yake: zaidi ya nusu lita.

Mafundi wenzangu wakasema, si tuliwaambia, matope ya chini. Hapo ndipo mimi na wao tunaachana njia. Bomba la kunyonya liko karibu na sakafu ya tenki siku zote, liwe na lita 80 au tano. Kila siku gari linanyonya kutoka chini. Uchafu haungoji tenki likauke ndipo uvutwe. Sasa kwa nini tenki likiwa karibu tupu ndipo balaa linapotokea?

Nilimwonyesha Mwalimu kwa chupa mbili za lita moja na nusu. Kila moja nilitia vijiko vitatu vya maji yenye rangi. Ya kwanza nikaijaza dizeli mpaka karibu na kizibo, ya pili nikatia dizeli vidole viwili tu. Nikampa azilaze na kuzitikisa polepole, kama gari linavyotikisika kwenye barabara ya vumbi. Katika chupa iliyojaa, maji yalisogea kidogo tu chini ya uzito wa dizeli, yakatulia. Katika ile nyingine ikawa vurugu, maji na dizeli vikapigana mawimbi na kugeuka kitu kimoja cha rangi ya maziwa ya mgando. Mwalimu alifundisha sayansi miaka mingi. Aliiangalia ile chupa ya pili bila kusema neno, akaitikisa tena mwenyewe.

Tenki lenye lita arobaini linaweza kuishi na glasi ya maji iliyolala chini ya mdomo wa bomba. Filta itakamata kidogokidogo yanayopita, na ukikumbuka kuifungua skrubu ya chini unayamwaga. Tenki lenye lita tano linayaamsha maji yale kila kona, kila shimo, kila breki, na kuyapeleka mdomoni kwa mafungu. Kuna na joto. Sehemu ya dizeli inayofika kwenye pampu haichomwi, inarudi tenki ikiwa ya moto. Yakiwa mafuta mengi, joto linapoa humo. Zikiwa lita tano zinazunguka humohumo mchana wa Novemba wa Masasi, zinazidi kuwa moto na nyepesi, na dizeli nyepesi inalainisha vibaya. Sikuipima joto siku ile, kwa hiyo kwenye karatasi sikuiweka.

Maji yalitoka wapi? Jibu la haraka ni mvuke: tenki tupu limejaa hewa, usiku hewa inapoa, unyevu unaganda kwenye kuta na kutiririka chini. Ni kweli, na huku kusini mvua zikianza Novemba au Desemba mpaka Aprili unyevu ni mwingi. Lakini mvuke peke yake hautoi zaidi ya nusu lita ndani ya tenki moja, hata gari lilale chini ya mwembe miezi mitatu. Nilikwenda kuangalia mfuniko wa tenki. Haukuwa wa gari lile. Ulikuwa wa gari jingine, unafunga kwa kubahatisha, na mpira wake ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino. Gari lilikaa nje msimu wa mvua mzima, mwaka uliotangulia pia. Hapo nikaacha kutafuta.

Sasa pampu. Niseme kwanza kwa nini wazee wana haki ya kushangaa. Utasikia mtu anasema, "Mimi nimeendesha Hilux ya 3L miaka kumi, taa inawaka wiki nzima, haikuwahi kunifanya kitu." Namwamini. Pampu za zile injini za zamani zilipeleka mafuta kwenye nozeli iliyofunguka kwa baa (kipimo cha shinikizo) mia moja na kitu. Zilivumilia mengi, hata mafuta ya taa ambayo wajanja walichanganya kwenye dizeli kabla serikali haijapandisha ushuru wake mwaka 2011. Injini ya 2KD ni ukoo mwingine. Pampu yake inajaza bomba moja la pamoja kwa shinikizo linalopita baa 1,000. Tairi la pikapu hiyohiyo lina baa mbili na nusu hivi. Ni zaidi ya mara 400. Ili chuma kisukume mafuta kwa nguvu hiyo bila kuvuja, nafasi kati ya pistoni ndogo na ukuta wake ni mikroni chache tu, yaani sehemu za elfu za milimita, wakati unywele wa binadamu una mikroni kama 70. Na katikati pale hakuna oili. Kinacholainisha ni dizeli yenyewe. Ukiipa maji, umeinyima kilainisho. Ukiipa upepo, umeinyima kila kitu.

Nilifungua vali ndogo iliyoko mgongoni mwa pampu, ile inayopima mafuta ya kuingia. Kichujio chake kilikuwa na chembe zinazometameta. Sumaku ikazivuta. Kwa fundi wa kawaida hapo kesi imekwisha, pampu inajila yenyewe. Lakini chembe zinasema chuma kimesagika, hazisemi lini. Ndiyo maana pampu ikapanda basi.

Fundi pampu wa Dar aliifungua na kunitumia picha, tukapigiana simu karibu saa nzima. Kwenye pistoni kulikuwa na alama za aina mbili. Ya kwanza ni vidoa vya kutu, vyeusi, vimekula chuma na kuacha vishimo. Ya pili ni mikwaruzo mipya ming'avu, imepita juu ya vidoa vile. Soma mpangilio huo. Kutu inataka maji na inataka muda, gari limelala, maji yamekaa ndani ya pampu siku na wiki. Haiwezi kuota mlimani kwa dakika arobaini. Mikwaruzo ming'avu ndiyo ya mlimani, chuma kwa chuma, pampu inazungushwa na selfu huku ndani mna upepo. Kama mkwaruzo umepita juu ya kutu, kutu ilitangulia.

Pampu ilikuwa mgonjwa kabla dereva hajapakia mfuko wa kwanza wa saruji. Na dalili zilikuwepo: dereva alikiri kwamba tangu Oktoba asubuhi gari lilikuwa gumu kuwaka, na kwenye mzigo lilikosa nguvu. Alimwambia mjomba. Mjomba akajibu, "Gari zee, livumilie."

Dumu, ambalo wote walilitukana, lilitoka safi. Zile lita mbili zilizobaki niliziacha kwenye chupa siku tatu: hakuna maji, hakuna takataka, rangi na harufu ya dizeli ya kawaida. Sisemi dizeli ya dumu ni salama. Nimeona dumu lenye mafuta ya kupikia yaliyoganda kwenye kona, na sheli ndiyo inabaki sehemu ya kununulia. Nasema dumu hili, siku hii, halina hatia, na kijana wa dukani aliyeliuza alikuwa ameshaanza kusemwa vibaya.

Zile dakika arobaini sasa. Injini ya aina hii ikiingiza upepo, juu ya filta kuna pampu ya mkono. Unaongeza mafuta ya kutosha kuufunika mdomo wa bomba, na mlimani lita nane zinaweza zisitoshe, heri ulishushe gari tambarare kwanza. Unapiga pampu ile kwa kiganja mpaka iwe ngumu kabisa. Ndipo unapiga selfu sekunde kumi, unaacha ipoe, unarudi kwenye pampu ya mkono. Ikigoma mara nne tano, acha, tafuta kamba. Wao hawakuigusa pampu ya mkono hata mara moja. Dereva hakujua ipo. Kila sekunde ya selfu ilikuwa pampu kavu inajisugua.

Na nati za nozeli. Kwenye 3L ulikuwa unalegeza, mafuta yanadondoka, unakaza, maisha yanaendelea. Kwenye bomba la shinikizo la pamoja usifanye hivyo injini ikizungushwa. Mafuta yakitoka kwa presha ile kwenye upenyo mwembamba yanapenya ngozi kama sindano. Kidonda cha nje kinaonekana kama umechomwa na mwiba, ndani mkono unaoza. Ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo hata kama hauumi. Utingo alikuwa ameshika spana kwa vidole vitupu. Ule upepo uliozuia injini kuwaka ndio uliozuia pia presha kupanda. Alinusurika kwa ubovu wa gari.

Nimefika pale nilipotaka kuparuka.

Chini ya filta ya dizeli kuna kihisi cha maji. Maji yakijaa hadi kiwango fulani, taa inawaka kwenye dashibodi kukwambia uyamwage. Mwezi wa nane gari hili lilikuja kwangu kubadilishwa filta. Kihisi kilikuwa kimevunjika mguu. Mwalimu alikuwa na haraka, kihisi kipya hakikuwepo Masasi, nikaziba tundu kwa bolti, waya nikaufunga kwa utepe mweusi pembeni na kusema, "Ukipata kingine ulete." Hakuleta, na mimi sikumkumbusha. Kuanzia siku ile gari lilikuwa halina mdomo wa kusema lina maji. Nilipoikata filta ile niliyoifunga mwenyewe, karatasi yake ilikuwa na kutu na utando mweusi chini hadi nusu. Utepe wangu ulikuwa bado umekaza vizuri.

Mwalimu naye ana sababu zake, na nilizisikiliza. Dereva aliyemtangulia mpwa wake alikuwa anachomoa dizeli kwa mpira usiku na kuuza kwa bodaboda. Tangu hapo Mwalimu anapima lita kwa safari: kwenda na kurudi, basi. Tenki likiwa tupu hakuna cha kuiba. Na kila mwisho wa mwezi anabana zaidi, kwa sababu EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, naye huwa anasubiri huenda ikashuka. Wiki ile ya tukio alikuwa anasubiri ya Desemba. Yote mawili yana akili. Wizi wa mafuta ni kweli, na bei nayo inapanda na kushuka. Ila tenki lisilo na cha kuiba ndilo lile la vidole viwili, linalotikisika na maji kila siku ya kazi, msimu mzima. Na hata hiyo bei ikishuka shilingi hamsini kwa lita, kwa lita 15 ameokoa shilingi 750.

Karatasi niliyoiandika ilikuwa na kurasa mbili. Niliandika kwamba pampu iliharibiwa na maji yaliyoingia kwa mfuniko mbovu na kukaa muda mrefu. Kwamba kuendesha na tenki karibu tupu kila siku ndiko kulikoyafikisha maji hayo kwenye pampu. Kwamba kihisi cha kutoa onyo kiliondolewa na fundi, nikaandika jina langu. Na kwamba siku ya tukio dereva aliimaliza kwa kupanda mlima na mzigo taa inawaka, kisha kupiga selfu pampu ikiwa kavu. Nilimweka dereva mwisho kwa sababu ndivyo kutu na mikwaruzo vilivyopangana.

Mwalimu alisoma akiwa amesimama. Akauliza, "Kwa hiyo mpwa wangu hana kosa?"

"Analo, Mwalimu. Lakini ni la mwisho kufika."

"Na wewe unalo."

"Ninalo, nimeliandika hapo."

Akacheka kidogo, ndipo akakaa. Pampu iliyofanyiwa ukarabati, kusafisha nozeli nne, kusafisha bomba la pamoja na tenki, vilifika milioni mbili na kitu. Pampu alilipa yeye. Kufungua na kufunga nilifanya bure, kihisi nilinunua mimi. Dereva alikatwa hela ya betri, maana ile ya kwanza haikupona, na yeye mwenyewe alisema ni haki. Mfuniko mpya wa tenki, kitu kidogo kuliko vyote, ndio uliotusumbua zaidi kuupata.

Suala la wizi lilibaki. Mwalimu hakuwa tayari kuacha lita 40 zilale chini ya mwembe kwa imani tu. Fundi wa kuchomelea aliweka wavu wa chuma kwenye shingo ya tenki, mpira haupiti. Na mpwa anaandika kilometa na lita kwenye lile daftari la mistari, kila safari, wanasaini wote wawili. Geji haishuki chini ya robo. Kuna siku Mwalimu alinipigia kuniuliza kama robo kasoro kidogo ni sawa, kesho yake ikiwa Jumatano ya kwanza. Nilimwambia akajaze.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, dereva alinitumia picha bila neno lolote. Alikuwa amesimama njia ya Mangaka, taa ya filta imewaka. Kwenye picha kuna kizibo cha chupa, na ndani yake maji kidogo, yasiyofika kijiko.